Begi la Turubai

Gervas hakuwa na gari, hakuwa na pikipiki, wala hakuwa na ndugu serikalini. Hakuwa na mke, na kwa miaka yake thelathini na minne majirani wa Kihonda walishachoka kumuuliza. Stendi yake ya kamera ilikuwa na miguu miwili mizima, na wa tatu umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Lakini asubuhi ile ya Machi alitafuta kitu kimoja tu: begi la kubebea kamera. Lile la zamani lilipasuka kwenye mahafali ya Mzumbe, lenzi ikaangukia miguuni mwa mhitimu.

Aliingia maduka matatu. Begi la kwanza lilikuwa jeusi, linang'aa, limeandikwa "kamera" kwa herufi kubwa, kama barua ya mwaliko kwa vibaka. La pili zipu yake ilikuwa nyepesi. La tatu halikuwa na vyumba ndani. Vitu vingegongana kama viazi. Mvua ikamkuta karibu na soko kuu, akajibanza barazani kwa fundi wa maturubai, dada mwembamba mwenye gauni la kitenge cha kijani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Kaka, kwenye taulo hilo umebeba mtoto?"

"Kamera."

"Maskini. Hata kofia hana."

Gervas akacheka, akaeleza shida yake. Fundi, aliyeitwa Rahel, akamwambia apange kila kitu mezani: kamera, lenzi mbili, flashi, betri nne. Hakuvipima. Aliuliza vinakwenda wapi.

"Harusi za mjini. Na komunyo ya kwanza, parokia za mlimani."

"Kwa gari?"

"Nusu ya njia kwa mguu."

"Basi usichague begi kwa kutazama kamera, tazama njia. Huko juu mvua haina ratiba. Na mikanda iwe mipana, la sivyo utashuka na mabega ya punda."

Akakata turubai la lori na sponji ya godoro, huku akizungumza. Cherehani ile alinunuliwa na mjomba wake Benedikto, mkulima wa huko mlimani, kwa kabeji za misimu miwili. Ndiye aliyemsomesha. "Sisi Waluguru, mtoto ni wa mjomba," alisema. Gervas alikuwa akifungua na kufunga zipu mpya, mara ya kumi, akisikiliza inavyoteleza.

"Sawa," akajibu.

Mwisho Rahel akashona mfuko bapa upande wa mgongoni. "Hapa usiweke betri. Weka kitu ambacho kikilowa utalia."

Simu zikaanza wiki hiyo hiyo.

"Begi linasemaje, bwana picha?"

"Linasema limemkumbuka fundi wake."

"Muongo wewe. Begi langu halisemi uongo."

Kufikia Agosti walikuwa wanapendana waziwazi. Mwezi Novemba Gervas akaandika barua ya posa, akampa mshenga wake, Mzee Salum, fundi saa, aipeleke Bigwa kwa Mzee Paulo, baba yake Rahel. Kwao Gervas, Njombe, posa huenda kwa baba, basi. Mzee Paulo aliipokea vizuri, na chai ikanywewa.

Kisha Rahel akaacha kupokea simu. Siku ya nne akapokea.

"Mjomba amezisikia habari gulioni, kwa watu baki. Amesema kama nina baba wa kuniozesha, basi sina mjomba. Na bila mjomba, Gervas, hakuna harusi."

"Mpenzi, mimi sikujua."

"Nilikwambia nikishona."

Gervas alitafuta kichwani, akaikuta zipu tu.

"Nilikuuliza upana wa mikanda, ukanijibu kwa sentimita," Rahel alisema. "Nilipokueleza nani alinilea, ukasema 'sawa'. Nilidhani namshonea mtu, kumbe naishonea kamera."

Akakata.

Jumamosi, mvua ikinyesha, Gervas alifika barazani na Mzee Salum.

"Shikamoo, mzee," Rahel alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Kisha akarudi kwenye mshono wake.

"Naomba gundi," Gervas alisema.

"Ya sponji au ya karatasi?"

"Ya karatasi."

Rahel aliona jina kwenye bahasha aliyoishika Gervas: Mzee Benedikto. "Na baba?"

"Nimemweleza. Amesema alijua fika kwamba posa ni ya mjomba, ila alitamani kuulizwa wa kwanza, walau mara moja."

Rahel aliinama kidogo juu ya cherehani. "Umeandika nini?"

"Ukurasa wa kwanza naomba radhi. Wa pili ndio naomba mke."

"Akiishia wa kwanza?"

"Nitapanda mwenyewe kumsomea wa pili."

Hakutabasamu, lakini alisogeza vitambaa, meza ikapata nafasi. Gervas akatoa kamera, lenzi, flashi na betri, akavilaza pale mpaka begi likabaki tupu. Akapaka gundi kwa kidole. Rahel akakunja mdomo wa bahasha, akaukandamiza kwa mkasi wake mzito hadi ukashika, kisha akaitia mwenyewe kwenye mfuko wa mgongoni, akavuta zipu.

"Begi kubwa, mzigo karatasi," Mzee Salum alinung'unika, akirekebisha mikanda. "Ila mabega hayaumi."

Mzee akatoka kuelekea mlimani, mvua ikimpiga mgongoni. Rahel akachukua taulo, akaifunika kamera.