Taa ya Ndani ya Friji

Kila mtoto wa darasa la nne pale Mtwara alikuwa na kinong'onezi, kidude cha ukubwa wa punje ya hindi kilichobandikwa nyuma ya sikio. Mtoto akikwama, chenyewe kinamnong'oneza jibu. Hakimwachi aaibike, na wazazi walikipenda kupita kiasi. Mwalimu Somoe hakukipenda wala hakukichukia, mpaka siku ile aliyofundisha tashbihi.

"Tashbihi ni kufananisha kitu na kingine kwa kutumia neno 'kama'," alieleza. "Haya, mama yako ni kama nini?"

"Mama yangu ni kama jua la asubuhi," akajibu Chande. "Bila yeye siku haianzi."

"Hee! Mpigieni makofi!"

Makofi yakapigwa. Akasimama wa pili: jua la asubuhi. Akafuata mwingine, jua lile lile, siku ile ile isiyoanza, na makofi yale yale. Hivyo hivyo, safu kwa safu. Somoe akachanganyikiwa. Mama zao wote, jua moja? Hata kama wanatazamiana, ndiyo mpaka nukta?

"Banduani vinong'onezi. Viwekeni juu ya dawati."

Loo, darasa likanyamaza! Wengine machozi yakaanza kuwalenga. Sasa ni kitu gani cha kumliza mtoto akiulizwa habari za mama yake mwenyewe? Somoe alikuwa hajui ashike lipi aache lipi, ndipo mkono mmoja ukanyooka nyuma, wa Asumini, ambaye zamu yake ilikuwa haijafika.

Mama yake Asumini alikuwa fundi wa kituo cha angani, na alikuwa huko juu zaidi ya mwaka sasa. Vikao vya wazazi alihudhuria kwa kioo cha mbali kilichotundikwa darasani, sura yake inatokea humo, anacheka, anauliza maendeleo ya mwanawe. Somoe alimpenda sana.

"Mama yangu ni kama taa ya ndani ya friji," alisema Asumini.

Wenzake wakaangua kicheko.

"Nyamazeni! Kwa nini, mwanangu?"

"Nikifungua, anawaka. Anacheka. Nikifunga, sijui kama bado anawaka au amezimika. Nimejaribu kuchungulia, mwalimu. Huwezi kuona."

Somoe alitaka kuitisha makofi, mdomo ukakataa. Akakumbuka vikao vyote vya wazazi: yule mama kila akiwashwa, anacheka.

Watoto walipokwenda mapumziko, alikiwasha kioo cha mbali. Mama Asumini akatokea hapo hapo, mtu utadhani hana kazi nyingine huko juu.

"Mwalimu wetu! Habari za darasa?"

"Nzuri, Mama Asumini. Leo tuna mchezo. Hebu niambie, mwanao ni kama nini?"

Yule mama akatabasamu. "Mwanangu ni kama jua la asubuhi. Bila yeye siku haianzi."

Somoe alikizima kile kioo. Akampigia simu baba wa mtoto, hata salamu akaisahau.

"Baba Asumini, yule kwenye kioo ni nani?"

Sauti ya mwanamume ikatoka, nzito.

"Chombo chao hakikurudi duniani, mwalimu. Mwaka jana. Kampuni yake ikatuletea hiyo mashine, ina sura yake na sauti yake. Nikasema mtoto nitamwambia shule zikifungwa. Zikafungwa, zikafunguliwa. Sasa naanzia wapi?"

Somoe alipogeuka, Asumini alikuwa amesimama mlangoni, andazi mkononi, hajaling'ata. Amesikia? Hakusikia? Uso wake haukusema kitu.

"Mwalimu," alisema, "wenzangu wote wamepigiwa makofi. Mimi sikupigiwa. Nimekosa?"

Somoe angedanganya, lakini kila uongo uliomjia ulikuwa umeshasemwa na mashine.

"Umepata, mwanangu," alisema mwishowe. "Umepata wewe peke yako."

Asumini akaliangalia andazi lake.

"Kwa hiyo ukifunga, inazimika."

Somoe akamvuta kifuani, andazi likapondeka katikati yao.