Saa ya Mbio ya Steinar

Steinar hakuwa mtu wa kukaa. Kila Pasaka alimpeleka binti yake Ylva kwenye kibanda chao cha mlimani, na hata kabla ya kuvua koti alikwishashika koleo, anaondoa theluji mlangoni. Mjini alifundisha watoto mbio za kuteleza kwenye theluji. Saa ya kupimia mbio haikumtoka shingoni.

Mwaka huu alikuwa roho juu zaidi. Mwalimu alikuwa ameandika barua. Ylva, mwenye miaka tisa, anasoma maneno lakini haelewi anachosoma. Akipewa kalamu, haandiki hata sentensi mbili. Steinar alijua dawa moja tu: mazoezi.

"Ukurasa mmoja. Tayari? Haya!"

Ylva akasoma mbio, maneno yakigongana mdomoni.

"Dakika moja na nusu! Jana ulitumia mbili. Umeona?"

"Baba, nimechoka."

"Bingwa hachoki. Tena!"

Asubuhi ya pili Steinar alikuwa nje, akipasua kuni. Akamwambia Ylva asome karatasi ya babu yenye maelekezo ya kuwasha jiko, iliyobandikwa ukutani, kisha awashe moto. Ylva akasoma kwa sauti: "Kwanza vuta kifuniko cha bomba la moshi. Halafu panga kuni nyembamba. Ndipo uwashe."

"Sekunde nane! Safi sana!" Steinar akapaza sauti. "Washa!"

Punde nyumba ikajaa moshi. Ylva akatoka akikohoa. Steinar akaruka ndani, akavuta kifuniko, akafungua madirisha.

"Si umesoma sasa hivi? Imeandikwa nini?"

"Sijui! Nimesoma, lakini sijui! Mimi ni mjinga, na shule siendi tena!"

Steinar alimpenda mtoto huyu kuliko mbio zote, na sasa aliogopa.

Gudrun, jirani wa kibanda cha chini, alikuwa ameuona moshi. Akaja na ndoo ya maji. Kazi yake ilikuwa kufundisha watoto wenye shida ya kusoma.

"Mnamkaanga nani humu?" aliuliza. Steinar akamweleza yote, akizungukazunguka chumbani.

"Saa hiyo ni nzuri kwa miguu," Gudrun alisema. "Wewe humfundishi kusoma, jirani. Unamfundisha kufika mwisho."

"Basi nifanye nini? Niambie, nianze sasa hivi!"

"Kwanza kaa."

Steinar akakaa, goti likimcheza. Gudrun akamenya chungwa, akampa Ylva nusu.

"Soma sentensi ya kwanza tu ya karatasi ile, mwanangu. Halafu simama. Unaona nini kichwani?"

"Naona mkono unavuta chuma. Bomba linafunguka."

"Kwa nini tunalifungua?"

Ylva akafikiri. Steinar akafungua mdomo ajibu. Gudrun akamkanyaga mguu.

"Ili moshi upate njia!" Ylva alisema.

"Haya, huyo mjinga yuko wapi? Mbona simwoni?"

Ylva akacheka, uso bado una masizi.

"Na kuandika?" Steinar aliuliza.

"Akusimulie kwanza, kwa mdomo. Kisha achore picha: mwanzo, katikati, mwisho. Chini ya kila picha aandike sentensi moja. Usimsahihishe kila kosa. Muulize tu, nini kilifuata? Dakika kumi na tano kwa siku zinatosha. Shida isipopungua, rudi kwa mwalimu, mtoto apimwe macho na usomaji wake. Wengine huhitaji msaada zaidi, wala si aibu."

Steinar akaitundika saa kwenye msumari. Kumngoja mtoto afikiri kulimtesa kuliko kupanda mlima. Lakini siku ya nne Ylva alisimama mwenyewe katikati ya ukurasa.

"Ngoja baba, hapa sijaelewa. Narudia."

Siku ya kuondoka, gari lilikuwa tayari. Kulikuwa na daftari ambalo kila aliyelala kibandani huandika neno ndani yake kabla ya kwenda. Miaka yote Ylva aliandika jina lake tu. Leo alichora, akaandika, akafuta, akaandika tena. Steinar alifungua mlango, akaufunga, akaufungua.

"Tayari. Soma, baba. Kwa sauti."

Steinar akasoma upesi, koti mwilini: "Baba alikuwa na haraka. Moshi ulikosa njia nikalia. Sasa baba ananingoja."

"Simama. Umesoma mbio," Ylva alisema. "Nani alikuwa na haraka?"

"Mimi."

"Na sasa anafanya nini?"

Steinar akatazama gari dirishani. Kisha akavua koti, akakaa.

"Anangoja," alisema.