Mafuta Yaliyokwama Moyoni

Harufu ilianzia kwenye sinki la maabara. Si ya dawa, la. Ilikuwa ya mafuta yaliyochacha, ile inayokutapisha kabla hujajua inatoka wapi. Mpimaji wa maabara hiyo aliisikia asubuhi ile akajua kosa ni lake. Jana yake pipa la taka za mionzi lilikuwa limejaa, na kulibadilisha kunataka fomu tatu na sahihi ya mkuu. Akaona uvivu. Mabaki ya mafuta ya majaribio akayamwaga sinkini, akafungulia maji, basi.

Na hayakuwa mafuta ya kupikia yale. Yalitiwa mionzi ili yafuatiliwe mwilini, na yalitengenezwa makusudi ili moyo uyapokee lakini ushindwe kuyachoma. Yakishaingia humo yanakwama.

Aliyepangiwa kusugua sinki hilo ni mdogo wake wa kike wa tumbo moja, na kazi hiyo mpimaji mwenyewe ndiye aliyemtafutia. Saa nne akamkuta ameinama, analamba tundu la sinki, ute na nywele za panya wa majaribio vimemganda kidevuni, koo linabugia bila kupumua, na kila alipomeza, kitu kilicheka chini bombani na juu kinywani mwake kwa wakati mmoja. Astaghfirullah, uchafu gani huu!

Yeye na wenzake wa maabara wakamfungia binti stoo, akaitwa mganga wa majini. Alisoma, akafukiza, akaamrisha mpaka jasho likamtoka. Jini likajibu kwa upole, na upole huo ndio uliotisha.

"Ningekwisha toka. Nilifuata mafuta tu. Muulize huyu dada mtu amenilisha nini."

Mpimaji akapitisha kipima mionzi juu ya mwili wa mdogo wake. Kooni kimya. Tumboni kimya. Kilipofika moyoni kikalia mfululizo. Jini lilikuwa limekwama pamoja na mafuta yake.

Mganga akafunga mkoba. Akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye hutoa kinachoweza kutoka.

"Nikikosa chakula," jini likanong'ona, "nitaanza na mafuta ya mwili wake."

Tayari mashavu ya binti yalikuwa yamebonyea.

Mpimaji akaenda kwenye friji ya maabara. Alirudi na chupa ya mafuta yaleyale na kijiko, akijua kila kijiko kitazidi kulifunga humo ndani.

"Fungua mdomo, mdogo wangu."

Binti akameza, akalamba kijiko mpaka mpini.

"Asante, dada," akasema, kwa sauti yake mwenyewe. "Niongeze."