Baraza si Nje

Mzee Najmuddin alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni kuuliza. Meno yalikuwa yamepungua, lakini maswali hayakupungua. Kila alasiri, baada ya kusali, alitoka na mto wake akakaa barazani, mbele ya nyumba yake, Mji wa Kale, Mombasa. Muuza kahawa akipita, mzee alimwuliza kwa nini dele lake, birika la shaba, halipoi upesi. Muuza samaki akipita, alimwuliza kama pweza hulala. Watu walimcheka, lakini walikaa. Baraza yake haikuwa tupu hata siku moja.

Baraza hiyo ilikuwa ya mawe, imeshikana na ukuta wa nyumba. Aliyeijenga ni babu wa mzee. Juu ya baraza palikuwa na roshani ya mbao iliyotia kivuli. Juu zaidi, kwenye paa, palikuwa na ukingo wa mawe na chokaa. Mzee alisema Mombasa nzima hakuna kiti kizuri kama hicho.

Aliishi na mwanawe Fahim, fundi cherehani wa Biashara Street, na mke wa Fahim, Munazza. Munazza alipika sambusa za kuuza, juu ghorofani. Alimpenda mkwewe kama baba yake mzazi, ingawa maswali yake wakati mwingine yalimchosha.

Jioni moja Munazza alikuwa akikaanga sambusa. Vikombe vikaanza kugongana kabatini. Taa ikayumba. Kisha sakafu ikasogea chini ya miguu yake.

Munazza aliacha karai la mafuta motoni, akakimbilia ngazi. Ngazi za nyumba za kale ni nyembamba, tena zimesimama wima. Aliteleza, akaumia goti, akafika chini akichechemea. Tetemeko lilikuwa limekwisha. Majirani nao walikuwa wametoka. Wote walikuja kukaa barazani na mzee, migongo yao ukutani.

"Alhamdulillahi," akasema jirani mmoja. "Tumetoka nje. Sasa tuko salama."

Hapo hapo jiwe lenye ukubwa wa nazi likachomoka kwenye ukingo wa paa. Lilianguka juu ya kikombe cha kahawa cha mzee, kando ya goti lake. Kikombe kikawa unga.

Mzee akatazama juu. Kisha akatazama chini.

"Sasa hili," akasema, "kwa nini limeanguka hapa na si kule?"

Siku hiyo hakuna aliyecheka. Munazza alikumbuka mafuta, akapanda juu haraka. Jiko zima lilikuwa limejaa moshi. Alizima gesi, akafungua madirisha.

Fahim aliporudi kutoka kazini, alisimuliwa yote.

"Baba, kuanzia leo usikae pale."

"Nikae wapi?"

"Ndani."

"Ndani ni kwa wagonjwa. Mimi n'na baraza yangu."

"Baba, jiwe lingekupiga kichwani."

"Lingenipiga, lakini halikunipiga. Nauliza kwa nini, nawe wanifukuza."

Fahim alikasirika, akaenda kulala bila kula. Munazza aliogopa kweli. Alimjua mzee huyu: ukimwamuru, hakusikii. Mpaka aelewe mwenyewe.

Asubuhi Munazza alikwenda nyumba ya jirani, iliyokuwa ikikarabatiwa. Msimamizi wa kazi alikuwa Caroline Ngowa, mhandisi wa majengo. Caroline alikuwa mtu wa Kilifi, lakini alipanga nyumba mtaa wa Majengo, na nyumba za kale alizijua vizuri. Aliposikia habari ya jiwe, alikubali kuja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Nambia kwanza, ardhi yatikisika kwa nini? Bibi yangu alisema dunia imebebwa na ng'ombe juu ya pembe. Akichoka, huihamishia pembe ya pili."

Caroline akatabasamu. "Ng'ombe huyo sijamwona, mzee. Lakini chini yetu kuna mapande makubwa sana ya mwamba. Yanasukumana polepole, miaka na miaka. Mahali pengine hukwama. Siku yakiponyoka, sote tunatikisika."

"Na siku hiyo yajulikana?"

"Haijulikani. Hakuna awezaye kutaja siku wala saa. Akikwambia mtu anaijua, usimwamini. Sisi tunaweza kujiandaa tu."

"Na jiwe langu?"

Caroline aliomba sinia na vipande vya dhumna ambavyo wazee huchezea. Alivipanga juu ya sinia, kimoja juu ya kingine, vikawa ukuta mdogo. Chini ya ukuta akaweka tende moja.

"Tende hii ni wewe, mzee. Uko barazani. Tikisa sinia."

Mzee akatikisa kidogo. Kipande cha juu kabisa kikaanguka, kikagusa tende. Akatikisa kwa nguvu. Ukuta wote ukamwagika, na tende haikuonekana tena.

Mzee aliipanga upya dhumna. Alitikisa tena. Akaipanga mara nyingine, akaitikisa kwa upande. Tende ilifunikwa kila mara. Munazza aliona uso wa mzee ukibadilika.

"Sehemu za juu hutikisika zaidi," akasema Caroline. "Ukingo, roshani, vile vilivyoning'inia, hivyo ndivyo huanguka kwanza. Na huanguka hapa, miguuni mwa ukuta. Ndiyo maana tunasema usikimbie wakati ardhi inatikisika. Wengi huumia ngazini na mlangoni. Ukiwa ndani, kaa ndani. Ingia chini ya meza imara, funika kichwa, shika mguu wa meza. Kama meza ni mbali, inama kando ya kitanda, mbali na kabati na madirisha."

"Na jiko la gesi?" akauliza Munazza.

"Kama mkono wako unalifikia, lizime. Kama hulifikii, jikinge kwanza. Tetemeko likiisha, zima gesi, zima na umeme, ndipo utoke. Utoke polepole, umevaa viatu, kwa maana vioo huwa chini. Usisimame uchochoroni. Nenda uwanja wazi."

"Makadara," akasema Munazza.

"Makadara ni pazuri. Wala msishuke pwani kutazama bahari. Ardhi ikitikisika sana, au kwa muda mrefu, maji yanaweza kuja nyuma yake. Watu wa kisiwani hupanda, hawashuki."

Mzee alikuwa bado ameitazama tende. "Na aliyeko barazani wakati huo?"

"Baraza si nje, mzee. Ni chini ya ukuta. Uchochoro huu ni mwembamba, huna pa kukimbilia. Mlango uko hapo ubavuni mwako. Ingia ndani, uende chini ya meza. Lakini bora zaidi usikae hapa mpaka roshani na ukingo vitengenezwe. Boriti zile zimeliwa na mchwa."

Mzee alifikiri. "Nitakaa, lakini ikitikisika nitaingia."

Fahim alitaka kubishana. Munazza akamshika mkono. "Afadhali nusu shari kuliko shari kamili," akasema.

Meza kubwa ya mninga ambayo Fahim alikatia nguo wakaisogeza karibu na mlango, mbali kidogo na ukuta wa nje. Kabati la vikombe walilifunga ukutani kwa vyuma. Fahim akatafuta mafundi wa roshani, nao wakaahidi kuja. Walikubaliana pia kwamba likitokea jambo, wote wakutane Makadara, karibu na lango, bila kungojana kwa simu.

Kisha Munazza akaanza mazoezi. Wakati wowote alipiga sinia kwa mwiko, na mzee alipaswa kuingia chini ya meza. Mara ya kwanza mzee alisimama kumsalimia mpita njia.

"Umekufa, Baba," akasema Munazza.

"Nimekufa nikijibu salamu. Ni kifo kizuri."

Mara ya pili alirudi nyuma kuchukua mto wake.

"Wacha mto."

"Mto huu ameushona marehemu mke wangu."

"Najua, Baba. Wacha mto."

Majirani walicheka hadi machozi kumwona mzee akitambaa chini ya meza, magoti yakilia. Yeye hakujali. Aliwauliza wao wana meza gani.

Mafundi walikuwa hawajafika bado siku ardhi ilipotikisika tena. Mara hii haikuwa ya kugonganisha vikombe tu. Ulikuja mngurumo kwanza, mithili ya lori zito uchochoroni. Kisha nyumba nzima ikayumba. Munazza alilizima jiko, akaingia chini ya meza ya jikoni, akaushika mguu wa meza. Chokaa ilimmwagikia.

Alitaka kukimbia chini. Moyo wote ulikuwa barazani. Alijua ngazi zitamwua, akashikilia meza na kulia. Kwa nje kitu kikubwa kilipasuka, kikaanguka kwa kishindo.

Ni roshani.

Tetemeko likakoma. "Baba," akaita. Hakujibiwa.

Alifunga mtungi wa gesi. Alivaa viatu, akazima umeme, akashuka polepole, ngazi baada ya ngazi, ingawa kila kiungo kilitaka kuruka. Vumbi lilikuwa jeupe, hakuona kitu.

"Munazza," sauti ikatoka chini ya meza ya mninga. "Imeanguka upande gani?"

Munazza alipiga magoti, akamkumbatia papo hapo, akalia bila haya.

Walitokea mlango wa nyuma. Kwenye kona ya uchochoro mzee aligeuka kutazama mara moja tu. Mbao na mawe vilikuwa vimeifunika baraza yote, na mto ulikuwa chini yake. Mtu wa maswali hakuuliza kitu. Machozi yalimtoka.

Mji ulikuwa umebadilika. Umeme ulikatika, simu hazikushika, bomba la maji lilibubujika njiani. Kuta nyingi zilikuwa na nyufa. Watu kadhaa walikuwa wakiteremka kwenda kutazama bahari. Munazza akawazuia. "Jamani, pandeni. Maji huja nyuma ya tetemeko." Wengine waligeuka, wakafuatana nao. Siku ile maji hayakuja, na hakuna aliyejuta kupanda.

Langoni Makadara, Fahim alikuwa amesimama, uzi wa cherehani bado shingoni. Alipomwona baba yake, alimshika kichwa kwa mikono miwili. Walilala pale pamoja na majirani, kwa sababu matetemeko madogo yaliendelea. Hawakurudi nyumbani mpaka Caroline alipoikagua na kusema inakalika.

Leo nyumba ina roshani mpya, imefungwa kwa vyuma. Ukingo umejengwa upya. Mitaani mwao, nyumba baada ya nyumba, watu wamewaita mafundi kuzitazama roshani zao. Mzee Najmuddin amerudi barazani, kwenye mto ambao Munazza amemshonea. Kahawa iko, dhumna iko. Lakini mgeni hapewi kikombe kabla ya kujibu swali moja.

"Ardhi ikitikisika, wakimbilia wapi?"

Akisema "nje", mzee huagiza sinia na tende.