Mtu wa Getini

Jumamosi hiyo sokoni hapakuwa na pa kukanyaga, na katikati ya msongamano huo mshona nguo mmoja alisimama juu ya kreti la soda, kamera mpya jichoni, akipiga picha nyeusi. Ya kwanza nyeusi. Ya pili nyeusi tii. Ya tatu alibonyeza mpaka kidole kikamuuma.

"Samahani, dada," sauti ilisema kutoka chini. "Labda ungeondoa kifuniko."

Msemaji alikuwa kijana mrefu, shati jeupe lililonyooka kwa pasi, miwani imekaa upande kidogo. Mshonaji aliitazama kamera. Kifuniko cha lenzi alikuwa amesahau kukitoa, nayo masikio yake yakapata moto kwa aibu.

"Nilikuwa napiga picha ya giza," alisema.

"Basi umelipata. Giza zuri kweli."

Kijana huyo alikuwa fundi miwani, duka lake nyuma ya soko, na mambo ya lenzi aliyajua kama mshonaji anavyojua pindo. Akawa mwalimu. Yeye alimwita mshonaji Bi Haraka, maana alibonyeza kwanza akatazama baadaye. Mshonaji naye alimwita Daktari wa Vioo.

"Bi Haraka, kabla hujamtazama mtu, tazama nyuma yake," alimwambia kila mara. "Picha inaharibikia nyuma."

"Na wewe miwani yako inaharibikia upande. Fundi gani huyo?"

Ulipoingia mwezi wa sita, walikuwa wakiitana laazizi bila kuona haya.

Lakini liko jambo mshonaji hakumwambia. Miaka mitatu nyuma, mteja mmoja aliyekuja kupunguziwa suruali alimfuata mwaka mzima. Hakumgusa, hakumtukana. Alijua tu saa anayofunga cherehani na mkate anaonunua, na kila jioni alisimama ng'ambo ya geti lake, amesimama tu. Mshonaji alihama nyumba, akabadili namba ya simu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na kwake unyasi ulikuwa mwanamume yeyote aliyesimama bila kazi.

Jumapili moja asubuhi alikuwa kwenye roshani yake, ghorofa ya pili, akijifunza lenzi ya kuvuta vitu vya mbali. Betri ikaisha, akaweka nyingine. Kamera ikamuuliza tarehe, ikamuuliza mwezi. "Sawa, sawa, sawa," akabonyeza ovyo huku jicho liko kwa njiwa aliyetua ukutani, asije akaruka.

Jumatano mchana alihamishia picha zake kwenye kompyuta. Picha za geti lake zilikuwa tele, maana tangu anunue kamera mwezi wa tatu alikuwa akijifunzia hapohapo. Alizipitia moja moja, na safari hii alikumbuka somo, akawa anatazama nyuma. Kwenye mojawapo, pembeni kabisa, nje ya geti, palikuwa na mtu. Akaikuza. Shati jeupe. Miwani imekaa upande.

Akatabasamu. Kisha akasoma tarehe: saba, mwezi wa nne.

Sokoni walikutana mwezi wa tano.

Kumbe alimjua kabla! Kumbe kreti, kifuniko, mzaha wa giza, vyote vilipangwa! Alifunga mlango kwa funguo, akafunga na komeo, akasukuma meza ya kukatia vitambaa mpaka ikauziba. Simu ilipolia aliruka.

"Laazizi, umekula?"

"Ulikuwa getini kwangu." Aliegemea ile meza mlangoni. "Umesimama nje, unatazama juu. Kweli si kweli?"

Upande wa pili kitu cha kioo kiliwekwa mezani.

"Kweli," fundi alisema polepole. "Lakini nani kakwambia? Ngoja nikueleze..."

"Usinipigie tena. Ukija hapa napiga kelele mtaa mzima usikie."

Siku mbili hakufungua cherehani. Kila kiatu kilichopanda ngazi kilimpandia moyoni. Ijumaa dada yake mkubwa, aliyesimuliwa yote kwa simu, aligonga mpaka meza ikasogezwa.

"Mdogo wangu, hata uso hujanawa! Nioneshe hiyo picha, twende nayo polisi."

Mshonaji akaifungua, akageuza uso. Hakuweza kumtazama mtu yule. Akatazama mahali pengine popote: ua, ukuta, kamba ya nguo. Kwenye kamba lilining'inia gauni la kijani, mikono mipana kama mito ya kulalia.

"Dada," alisema. "Hilo gauni ni la nani?"

"Langu hilo! Ulilimaliza Ijumaa iliyopita, ukalifua kuondoa chaki ya kukatia, nikalichukua Jumapili jioni." Dada akasogeza uso karibu. "Sasa mwezi wa nne lilifikaje kwenye kamba? Hata kitambaa nilikuwa sijakinunua."

Mshonaji akakumbuka betri. Akakumbuka njiwa, na sawa, sawa, sawa yake.

"Na Jumapili," alinong'ona, "mbona hakupanda?"

"Hilo mimi sijui. Kamuulize, na nawa uso kwanza."

Saa saba alisimama mlangoni kwa fundi. Fundi alipomwona alirudi nyuma hadi ukutani, mikono juu. Alikuwa amekonda kwa siku mbili tu.

"Sisogei," alisema. "Usipige kelele, tafadhali."

"Jumapili ulifuata nini getini?"

Fundi akafungua droo ya skrubu za miwani, akatoa kiboksi kidogo cha pete, akakiweka kwenye meza ya kioo.

"Nilisimama saa nzima na robo. Mara tatu nilishika kengele. Niliogopa utakataa, nikarudi nyumbani."

Ndipo mshonaji akamweleza habari za yule mteja, zote, na machozi yakamtoka hapo dukani mbele ya fremu za watu. Alipomaliza, fundi alisema tu, "Ungeniambia, ningepiga simu tangu mtaa wa pili."

"Na mimi ningeweka tarehe sawasawa."

Hakuna aliyecheka. Hofu ya miaka mitatu haiondoki kwa kiboksi, na mshonaji alijua kuna siku meza ile itarudi mlangoni. Fundi naye alikuwa bado ameganda nyuma ya meza, anangoja ruhusa.

"Kuanzia leo usisimame nje kimya," mshonaji alisema. "Ukifika, nisikie."

Fundi akanyoosha kidole, akagonga meza ya kioo mara tatu.

"Hodi," alisema.

Mshonaji akatazama nyuma ya fundi kwanza, akaona ukuta mtupu na fremu zilizopangwa. Kisha akamtazama yeye. Akamnyooshea mkono.

"Karibu."