Mishubiri ya Dani Leonida

Saa moja kasorobo asubuhi, Jumatatu moja ya Januari 1997, majani ya mishubiri katika bustani ya Dani Leonida yalikuwa yamegeuka mekundu. Bitutu, msichana wa darasa la sita, aliyaona alipokuwa akienda kisimani.

Watoto wa kijiji cha Rodi Kopany humwita nyanya yao "dani" kwa Kijaluo. Wazazi wa Bitutu walikuwa Wakisii wauza ndizi, waliohamia hapo mwaka uliotangulia, lakini naye alimwita jirani huyo vivyo hivyo. Dani alikuwa Migori, kwa binti yake Benta aliyekuwa amejifungua. Bitutu alikuwa ameachiwa kazi ya kufukuza mbuzi tu.

"Hiyo ogaka usiiguse," Dani alikuwa amemwambia, akionyesha mishubiri. "Itatoa maua katikati ya mwaka, wakati nyuki wangu hawana chakula. Wamehama miaka miwili mfululizo. Wakihama tena, nitaupasua mzinga uwe kuni."

Huko Kisii mvua hunyesha karibu kila mwezi, na mmea unaobadilika rangi huwa na shida. Bitutu alimpenda Dani. Hakutaka arudi akute bustani imekauka. Kwa hiyo kila jioni alimwagilia kila shina mkebe mmoja wa maji. Ijumaa alimwaga maradufu, kwa sababu Jumamosi, siku ya Sabato, familia yao haikuchota maji. Majani yakarudi kuwa kijani. Bitutu akafurahi, akaendelea.

Wiki ya tatu majani ya chini yalilainika. Alishika moja, likang'oka, na ute wa kahawia wenye harufu mbaya ukamtiririkia mkononi.

Rafiki yake Trizah alichungulia kutoka njiani. "Wewe! Unapika mrenda humo?"

"Nyamaza, Trizah. Dani anarudi kesho."

"Sema ni jua. Jua la huku hata wewe likikupata vizuri, unakauka kama dagaa wa omena."

"Na akiuliza kuhusu maji?"

"Maji gani? Mimi sijaona maji."

Kesho yake Dani alifika, akaweka kikapu chini, akachuchumaa bila hata kunywa chai. Aliminya jani, akalinusa.

"Imeoza," alisema. "Lakini mvua haijanyesha, kwa hiyo si maji. Basi ni ugonjwa. Bitutu, niletee jembe. Nitaing'oa yote niichome."

Bitutu alileta jembe, lakini hakumpa.

"Dani, si ugonjwa. Ni maji. Niliimwagilia."

"Lini?"

"Kila siku. Isipokuwa Sabato."

Dani alimtazama, kisha akaangua kicheko. "Basi tuishukuru Sabato! Bila hiyo ningekuta supu."

"Lakini Ijumaa nilimwaga mara mbili," Bitutu alisema, machozi yakimlengalenga.

"Uwii! Lete kisu, nyakwara, mjukuu wangu. Tuone itakayopona."

Waling'oa mishubiri, wakakata mizizi na majani yote yaliyooza, wakaianika kivulini mpaka vidonda vikakauka. Kisha waliinua matuta mahali penye jua zaidi, wakachanganya udongo na mchanga na kokoto ili maji yasituame, wakaipanda upya. Hawakuimwagilia.

"Lakini ilikuwa nyekundu," Bitutu alisema.

"Ogaka huwa nyekundu kiangazi, na haifi. Maji yake imeyaweka ndani ya majani." Dani alipangusa udongo kwenye shavu la msichana. "Ulinihurumia, ukabeba maji mazito bure. Hilo naliona. Lakini ukiachiwa kazi, fanya ulivyoelezwa, na usilolijua uliza. Na ukikosea, sema mapema. Leo ungenyamaza, ningechoma mimea mizima kwa ugonjwa ambao haupo. Umesema kweli, ndiyo maana nimejua dawa."

Mishubiri mitatu ilikufa. Iliyobaki ilishika mizizi mvua za Machi zilipoanza.

Mwezi wa Julai vikonyo virefu vilichomoza, vikachanua maua ya rangi ya machungwa. Bitutu na Dani walisimama kando ya matuta. Nyuki mmoja aliingia ndani ya ua, akatoka amejaa chavua miguuni, akaruka moja kwa moja hadi mzingani.