Ncha Zenye Nukta Nyekundu

Mvua ilikuwa imewabana watu chini ya vibaraza vya maduka pale Remera, na madereva wa moto, zile pikipiki za abiria, walikuwa wanakung'uta maji kwenye helmeti zao. Ihirwe alikuwa ndani ya kibanda chake cha kufuma, amevaa gauni la kitenge cha manjano na sweta aliyoifuma mwenyewe. Akaingia kijana mmoja mrefu, shati jeupe limemganda mgongoni, miwani imejaa ukungu.

"Dada, pole kukuroweshea sakafu. Niko natafuta uzi unaoanza mnene halafu unakuwa mwembamba."

"Uzi gani huo? Mkia wa panya?"

Kijana akacheka. "Ni wa panya kweli, lakini siyo mkia."

Aliitwa Armel. Yeye alikulia Bujumbura, Ihirwe alikulia Ngara, basi Kiswahili kikawapatanisha upesi. Akatoa karatasi iliyofungwa kwenye plastiki. Juu yake palichorwa kitu kama mti usio na ardhi, matawi yametawanyika pande zote.

"Hii ni chembe moja tu ya neva," alisema. "Inakaa ndani ya uti wa mgongo, wa panya kama wa mtu. Ndiyo inayoamrisha msuli. Haya matawi kazi yake kusikiliza. Habari zinaingia kila upande, zinashuka hapa tumboni, halafu amri inatoka kwa uzi mmoja mrefu mpaka kwenye msuli."

"Matawi yote haya kwa kunyanyua kikombe tu?"

"Na kufuma pia. Hata sasa yanafanya kazi mgongoni mwako."

Ihirwe akajikuta amenyoosha mgongo.

Armel alitaka mfano mkubwa wa sufu, ili wanafunzi watakaotembelea maabara anamofanya kazi waushike kwa mikono. Ihirwe aliutazama mchoro kwa muda, kisha akachukua nyuzi nyingi za zambarau, akazikusanya pamoja.

"Nitaanza na fungu nene. Kila tawi linapogawanyika, nyuzi nyingine zinakwenda huku, nyingine kule. Mpaka ubaki uzi mmoja."

"Mungu wangu, ndivyo lilivyo! Shina nene ndilo lenye ncha nyingi. Umejuaje?"

"Sijajua kitu, sha. Nyuzi zikiisha, zimeisha."

Tangu siku hiyo Armel hakukosa sababu ya kupita Remera. Simu nazo zikawa hazipoi.

"Cheri, umekula?"

"Nimekula. Na wewe, umelimaliza lile tawi unalolichora?"

"Tawi halimalizwi, linafuatwa."

"Nifuate mimi basi, acha panya!"

Akamfuata. Ikapangwa kwamba Jumamosi wajomba wa Armel waende Gahanga kumwomba Ihirwe kwa shangazi Pudentienne, ambaye ndiye aliyemlea tangu Ngara.

Alhamisi Ihirwe akapeleka kazi yake maabara, amevaa sketi mpya ya bluu. Ule mti ukatundikwa darini. Tumbo lake lilitosha kiganja, matawi yamejaa chumba, ncha zimekuwa nyembamba kama nywele za mtoto mchanga. Wafanyakazi wenzake Armel wakasogea kutazama. Mmoja, Eustache, akavua kofia.

Armel peke yake akakunja uso. Kwenye mchoro, ncha chache zilikuwa na nukta nyekundu. Ihirwe alidhani ni mapambo, akazifunga vifundo vizuri na kutia ushanga mwekundu.

"Hapana, hapana. Hapa siyo mwisho." Akashika mkasi, akakata kifundo, akaanza kuvuta uzi.

"Armel. Unafumua kazi yangu?"

"Imekosewa, Ihirwe."

Wote wakasikia. Ihirwe akachukua mwavuli wake akatoka. Simu ikaita, hakuipokea. Ikaita tena, akaizima. Alipoiwasha alimpigia shangazi.

"Shangazi, waambie wajomba zake wasije."

"Amekupiga?"

"Hapana. Amefumua kazi yangu mbele ya watu."

"Haya mwanangu. Nimesikia."

Kesho yake Armel akasimama mlangoni pa kibanda, macho mekundu, mfuko mkubwa kifuani.

"Fundi, naomba kuingia."

"Duka la watu wote hili."

"Ili tuione ile chembe, tunakata uti vipande vyembamba, kama kitunguu. Kisu kinakata na matawi. Tawi likifika ukingoni naweka nukta nyekundu. Maana yake halijaisha, limekatwa tu, nilitafute katika kipande kinachofuata. Hayo sikukuambia. Wewe ukafunga kama fundi anavyofunga. Halafu nikakuaibisha."

"Ungeninong'oneza sikioni."

"Ningekunong'oneza. Nisamehe."

Akautoa ule mti mfukoni. Zile ncha zilizofumuliwa zilikuwa zimeongezwa sufu, mafundo makubwa makubwa, yamepinda.

"Yesu! Umefuma na nini, uma?"

"Na kalamu."

Ihirwe akaziba mdomo, lakini kicheko kilishatoka. Akapitisha vidole juu ya ile kazi mbaya, akafika kwenye ncha moja iliyoachwa wazi.

"Na hili?"

"Hilo sijalipata. Nimetafuta kila kipande. Siwezi kulifunga, nitakuwa nimesema uongo."

Ihirwe akamtazama. Mtu huyu hakutaka kusema uongo hata juu ya kiuzi cha panya kisichoonekana kwa macho. Wanaume wangapi wako hivyo? Akavuta kigoda, akamtia sindano ya kroshia mkononi.

"Keti. Hilo liache wazi. Haya mengine tufume upya, nitakuonyesha. Lakini ukikosea, nakufumulia mbele ya watu."

Armel akatazama huku na huku. Kibandani hamkuwa na mtu mwingine. "Mbele ya watu gani, cheri?"

Ihirwe alikuwa ameshaweka simu sikioni.

"Shangazi, umeshawapigia?"

"Nani? Aa, wale. Bado. Nilikuwa nachambua maharage."

"Tangu jana?"

"Ni mengi, mwanangu. Ya wageni."

Ihirwe akakata simu, akamgeukia Armel, akamrekebisha kidole kwenye sindano.

"Mbele ya wajomba zako. Kesho, Gahanga."